Kisiwa ya bila motokari na bukwe ya mama

Kompani ilishindwa kutupatia mushahara, njo ikatupatia picnic. Karatasi balibandika ku mulango ya bureau kwenye baba alikuwa anatumika: samedi, siku ya jumamosi, bafanyakazi benye mwenendo muzuri na jamaa zabo bataenda kupumuzika ku kisiwa moja ya mu ziwa ya Nzilo, «site touristique, calme, air pur, sans véhicules». Baba alitusomea ile mangaribi ku meza, na sauti yenye anasomaka nayo épître ku misa, na alirudilia mara na mara hapo tu: sans véhicules, bila motokari.

Mu Kolwezi ya wakati ile, véhicule ya nani? Bisi za kubeba bafanyakazi zilikuwa zimesimama mu garage juu ya matafari, bila magurudumu, kuku zinalala ndani. Makamioni ya ku mine, zile zenye gurudumu moja tu inapita urefu ya nyumba yetu, zilikuwa zinakula kutu. Mukubwa wa baba alikuwa anakuya ku kazi na velo, baiskeli yake, kravati inarukaruka ku bega. Hata moshi ya kiwanda ilishaisha. Tulikuwa na muji muzima ya calme, air pur, bila motokari, na hakukuwa mutouriste hata moja wa kuya kuitazama. Nilimuambia baba vile.

«Hapana,» baba alijibu. «Kule ni bakubwa njo balikataza motokari. Huku zilikataa zenyewe.»

Baba alikuwa karani mu magasin ya bipuri, na toka nikiwa mudogo alikuwa anasema juu ya kisiwa ile. Wakati ya bazungu, na nyuma yabo wakati ya bakubwa betu, ni bale ba kazi ya juu tu balikuwa banaenda kule, dimanche, na bibi zabo na glasi zabo. Baba aliionaka taa zake tu, ku ngambo ya mayi, siku alitumwa kupeleka bipuri ku barrage, ukuta ya kuzuia mayi. Sasa kompani ilikufa, na kisiwa ikafunguka. Mi nilikuwa namaliza humanités, masomo ya sekondari, siku zile tulikuwa mu grève, hakuna masomo, juu baprof habakulipwa, na nilikuwa nataka kufika upesi ku kitu yoyote yenye haiko nyumba. Kwa hiyo nilisema ndiyo, twende.

Lakini niseme mbele kitu yenye ilikuwa ku roho ya kila muntu mu nyumba. Bofrere wangu, bwana wa yaya wangu, dada yangu mukubwa, alikuwa muntu wa Kasai. Nasema «wa Kasai» namna bantu balikuwa banasema. Alizaliwa hapa hapa, ku lopitali ya kompani, kama mi. Babu yake njo alikuya kutengeneza njia ya treni. Kasai yenyewe bofrere hakuionaka hata ku picha. Lakini ile mwaka bajeunes, bijana ba chama, balikuwa banapita mu manyumba na mafimbo na machupa ya essence, petroli, banaambia bantu ba Kasai barudi kwabo. Ku nyumba ya jirani yetu balichoma siku ya mardi, jumanne. Ku bofrere balipita kesho yake, mercredi. Balimuambia: lundi, mwanzo ya wiki, ukuwe ku gare, ku kituo ya treni. Na yaya wangu balimusemesha kwa upole, kama bantu ba heshima: «Wewe dada ni wa hapa, wewe unaweza kubakia.»

Basi mu nyumba ilibakia ulizo moja. Bofrere alikuwa anasema ataenda peke yake, juu kule hana muntu, hajue atalala wapi, na mutoto alikuwa angali ananyonya. Yaya alikuwa anasema ataenda naye, hata alale mu njia. Baba alikuwa anasema hakuna mwenye kwenda, ataongea na bakubwa. Na mama? Mama hakuna mwenye alijua anawaza nini, juu ya bukwe.

Kwetu mama na bwana wa mutoto wake habaonane uso kwa uso. Habaitane majina, habakule fasi moja, habapeane mukono. Toka yaya aolewe, mama akimuona bofrere ku njia, anapita ngambo ingine. Bofrere akimuona mama, anaruka mu mahindi ya bantu. Siku moja alijifungia mu choo ya jirani juu mama alisimama ku kiingilio kuongea bei ya makala ya kupikia, na mama anaongeaka sana. Bukwe ile inafungulwa siku mukwe analeta mbuzi, mama anapika, banakula pamoja, inaisha. Bofrere alikuwa anatafuta mbuzi yake toka mwanzo, lakini mushahara ikianza kukosekana, mbuzi nayo ikawa inamukimbia. Na wakati ile yote, ni mi nilikuwa nabeba maneno. «Umuambie muntu ule nguo za mutoto zimekauka.» Naenda hatua kidogo, nasema. «Umuambie mama namushukuru.» Narudia. Nilisoma Latin na filozofia, na ku nyumba kazi yangu ilikuwa téléphone.

Baba njo alilazimisha bofrere akuye ku picnic. Chef wa picnic, mukubwa wa safari ile, alikuwa na cousin mukubwa mu chama. «Akimuona anakula bukari, ugali yetu, na sisi,» baba alisema, «atajua ni wa kwetu. Ataenda kuongea.» Baba aliamini picnic namna alikuwa anaamini karatasi yenye mihuri.

Samedi tulienda na kamioni ya tata moja wa Maniema, mufanyabiashara mwenye kubebaka chumvi na samaki, juu kompani haikukuwa tena na kamioni ya kubeba bantu bake. Mama balimupandisha mbele, mu kabini, macho ku barabara. Bofrere alikaa nyuma kabisa, miguu inje. Katikati sisi, na masufuria, na chef wa picnic na kaptula yake nyeupe, soksi mpaka ku magoti na firimbi ku shingo. Njia yote alipiga firimbi ku kila shimo, kusudi tujue ni shimo.

Pa kushukia, ku mayi, bajeunes balikuwa bamevuta kamba mu njia. Moja alikuwa na miwani ya jua yenye glasi moja tu. Mukubwa wabo alikuwa na panga ku mukaba.

«Kila muntu aseme muji ya babu yake!» wa miwani alipiga kelele.

«Bajeunes,» chef alisema, «hii ni activité ya détente, ya kupumuzika.»

«Njo tunasaidia détente, tata. Tunatoa benye habako kwabo.»

Bantu bakaanza kusema. Bukama. Kongolo. Dilolo. Bwana moja mwenye kutoka Mutshatsha aliita Mutshatsha na sauti kubwa, kama muntu mwenye alishinda tombola, na bibi yake naye akaita, na batoto yabo bote, mpaka wa mwisho mwenye hajue kusema muzuri. Njo ikafika zamu ya bofrere.

«Kolwezi,» alisema.

«Babu yako, nimesema.»

«Babu yangu alikufia Kolwezi.»

«Na mbele ya kufa alitoka wapi?»

Bakacheka. Baba alitoka mbele, kofia mu mukono. Baba akiogopa anasemaka kifaransa. «Messieurs, permettez-moi de porter à votre aimable attention...»

«Tata, hatukuite mukutano. Mukae kwanza.»

Wa miwani alianza kutazamatazama jamaa yetu, anatafuta mwenye kutetemeka. Aliona mama. Mama alikuwa amesimama mbali, amegeuka ku mayi, amejifunika kikwembe, kitenge yake, ku kichwa.

«Na mama ule anaficha uso juu ya nini? Mama! Muntu huyu munamujua?»

Mama hakugeuka. Angewezaje? Jina haiwezi kutoka mu kinywa yake, na macho haiwezi kumugusa. Alikunja magoti kidogo na kuvuta kikwembe mpaka ku kidevu.

«Naongea na nyinyi, mama! Geukeni mumutazame! Kama hamumujue, museme hamumujue!»

Bofrere naye alikuwa amegeuka ngambo yake, anatazama majani chini kama muntu mwenye kupoteza ufunguo. Yaya alianza kulia polepole. Na mi nilikuwa nafungua kinywa, juu ni kazi yangu, wakati ule wa panga alimupiga wa miwani kofi ya shingo.

«We ni kichwa gani? Hauone ni bukwe? Unataka mama atazame mukwe wake, laana ituangukie sisi bote hapa?»

Bakarudi nyuma bote. Moja akatoa kofia. Wa panga akaanza kupanga kazi: mukwe apande bac ya kuvusha bantu mbele, mama apande nyuma, bantu bapite katikati basichanganye macho yabo. Aliona haitoshi. Alituma babili balete mukeka ya kibanda yabo, na balishika mukeka ile juu na maboko yote, kama bukuta, mpaka mama alipita. Bale bale ba mardi. Nyumba ya jirani balichoma bila kuuliza muntu, lakini bukwe, ah non, bukwe ni mila.

«Leo anapita kama mukwe,» wa panga aliambia baba. «Lundi eko tena Mukasai. Tunasikilizana?»

«Tunasikilizana,» baba alijibu, na mara hii ilikuwa mu kiswahili.

Bac ile ni feri ya chuma, mupana, na motere yake ilikuwa kule, lakini mazutu ya kuiwasha haikukuwa. Kulikuwa kamba ya chuma toka ngambo mpaka ngambo, na banaume balisimama kwa mustari kuivuta na maboko. Tulitembea mu ziwa namna jongoo anatembea. Chef wa picnic alisimama juu ya sanduku na kuonyesha.

«Tazameni beauté, uzuri hii! Ku kuume, beauté! Ku kushoto...»

«Chef,» muvutaji moja alimuitika, «muye mushike nanyi hii beauté kidogo. Inatuchubua maboko.»

Ku kisiwa kibao ilikuwa ingali: duara nyekundu, motokari ndani, na mustari ya kuikata. Chini yake mulinzi wa kompani alikuwa anatungojea na uniforme yenye kupasuka ku magoti. Toka balimusahau kulipa, alilima mihogo mu kiwanja ya tennis. Wavu yake alikuwa anavulia samaki. Mu piscine, mu shimo ya kuogelea, alikuwa analea bata. Villa ya bakubwa ilibakia bukuta tu. Mabati, milango, madirisha, yote ilivuka mayi na haikurudia. Kwa kweli fasi ilikuwa muzuri. Majani ilifika ku mayi, mayi ilikuwa rangi ya chupa, upepo ilikuwa baridi, na hakukuwa muntu mwenye kupiga kelele ya chama. Nakubali. Nilikaa chini na nilisahau kidogo.

Baba alitembea na maboko nyuma ya mugongo, kama mukubwa wa kompani. Aliuliza mulinzi bakubwa balikuwa banakaa fasi gani. Mulinzi alimuonyesha benchi moja ya simenti. Baba alikaa. Alitazama mayi.

«Mm,» alisema. Akasimama.

Kisha alivuta chef wa picnic pembeni kuongea naye ile maneno ya bofrere. Nilibaona kwa mbali: baba anaonyesha bofrere na kidevu, chef anakubali na kichwa, anakubali tena, anauliza kitu. Baba alirudia kwetu na uso ya majivu.

«Amesema nini?» mama aliuliza.

«Amesema ataona.»

«Na kisha?»

«Ameuliza nyumba yake ina vyumba ngapi.» Baba alitoa kofia. «Na kama choo eko ndani ao inje.»

Mama alirudia ku moto. Alikoroga bukari yake na nguvu mpaka sufuria ilizunguka.

Saa ya kula ikaleta matata. Ku kisiwa hakukuwa fasi ya kujificha, na bukwe haikubali mama na mukwe baonane banatafuna. Tulitafuta, tukapata bukuta ya villa tu. Bofrere, yaya na mutoto balikaa ngambo moja, mama na mi ngambo ingine, na bukari na kapenta, samaki zile ndogo za kukausha, kila upande na sahani yake. Bukuta ile ilikuwa na shimo kubwa kwenye dirisha ilitoka. Mama alikaa chini ya shimo. Bofrere alikaa chini ya shimo. Baba alirudia ku chef, juu alikumbuka argument ingine.

Mama alikula tonge moja, akaacha.

«Enda umuambie muntu ule,» aliniambia, «asimuache mutoto wangu hapa. Aende naye.»

Nilimutazama. Bote tulifikiri mama atamushika yaya na maboko mbili.

«Mama, kweli?»

«Nilikutuma kuniuliza? Enda.»

Nilizunguka bukuta. Sasa, maneno ya nguvu vile siwezi kumutupia bofrere ku uso, siku kama ile. Nilitafuta bizuri. Nilisema: «Bofrere, mama anapendekeza, kama inawezekana, uangalie tena position yako.»

Bofrere aliinamisha kichwa. «Umuambie mama namushukuru sana. Lakini kule sina muntu. Nitabalaza wapi? Nikipata fasi, nitabaita.»

Nilizunguka tena. «Anashukuru, lakini kuko difficultés.»

«Difficultés,» mama alisema. «Umuambie aache bujinga. Bibi haiko sanduku, unaachia mama yake achunge, utarudia kuichukua siku unapenda. Asipokwenda naye sasa, hatamuona tena. Umuambie vile vile.»

Nilizunguka. Yaya alikuwa ananitazama na macho kubwa. Mutoto alikuwa na bukari ku pua. Nilijitengeneza sauti.

«Mama anaelewa situation yako,» nilisema, «lakini anaona kwamba, kwa mustakabali ya jamaa...»

«Mi sikusema vile!»

Sauti ilitoka mu shimo ya dirisha. Hakuna mwenye kutafuna tena, upande yetu na upande ya jirani betu ba picnic.

«Nilisema aache bujinga!»

Bofrere alisimama wima, sahani ku mukono. Yaya alishika kinywa. Mama moja mwenye alikuwa anakula karibu aliita: «Yoo! Bukwe! Anaongea na mukwe!» Na mbele hatujajua tufanye nini, mama alizunguka bukuta yeye mwenyewe, kikwembe ku kiuno, hapana ku kichwa, na sufuria ya bukari mu maboko. Bofrere alitazama fasi ya kukimbilia. Nyuma yake ilikuwa ziwa.

«Kaa,» mama alimuambia.

Alikaa. Macho chini. «Mama,» alisema, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia anamuita bila kupitia kwangu, «mbuzi sijaleta.»

«Mbuzi ya nini? Lundi utaipandisha mu treni? Kula.»

Alitia sufuria kati yabo, alikaa, miguu mbele, alikata tonge, alichovya mu kapenta zake, akakula akimutazama. Bofrere naye alikata tonge. Kapenta ilianguka, akaiokota, akaikula.

Kisha mama akaanza kuongea. Nilifikiri ataanza na ile ya maana. Hapana. Alianza na mahindi ya jirani, yenye bofrere alivunja siku aliruka, juu ni mama alienda kuomba samahani. Alipita ku ndoa, namna bofrere alivaa viatu yenye haifanane. Alipita ku mutoto, namna banamufunika sana. Bofrere alikuwa anaitika «ndiyo mama», «ndiyo mama» tu, jasho inatoka. Mi nilikaa hapo bila kazi. Nilitamani kumuambia mama afike ku point.

Alifika.

«Mutoto wangu akibakia, bale bajeunes batasema nini juu ya mutoto wake? Batasema mutoto naye ni wa Kasai. Bataya kumutafuta mu nyumba yangu. Na we kule utakuwa bwana wa nani, baba wa nani? Sijue kule. We pia hauijue. Mutaenda kutoijua pamoja.»

«Ndiyo, mama,» bofrere alisema, na mara hii alimutazama. «Nitaenda nabo.»

Yaya alikuwa analia na kucheka, na mutoto akachukua fursa akamaliza kapenta za mama yake. Baba alitoka ku chef bila kitu, akatukuta vile.

«Bibi!» alisema. «Mbele ya bantu?»

«Bantu gani? Bale banauliza choo?»

Baba alitia kofia yake chini. Kisha alikaa naye, akanawa mikono.

Mu bac ya kurudia, mama na bofrere balikaa bega kwa bega. Mama alikuwa anamufundisha safari: mayi ya kuchemusha, chumvi ya kuficha mu soksi, asilale ku mulango ya wagon. Chef wa picnic aliuliza mara mbili kama tuliona beauté. Kila muntu alikuwa anasikiliza mama.

Ku ngambo, wa miwani alituona mbele ya wengine.

«Hééé! Asubui mukwe, mangaribi bacamarade? Balituchekelea!»

Ule wa panga alikuya karibu. Alikuwa na huzuni ya kweli, naapa. Kama muntu mwenye balimuibia.

«Mama, mulitushikisha mukeka ya bure?»

«Haikukuwa ya bure,» mama alisema. «Nilifungula bukwe.»

«Lini?»

«Saa ya kula.»

«Ku picnic?»

«Ku picnic.»

«Na mbuzi?»

«Bila mbuzi.»

Alitazama benzake. Moja alitikisa kichwa. Mwingine alitema mate chini. «Mama wa heshima kama nyinyi,» ule wa panga alisema, «mila banaivunja vile, mbele ya batoto? Basi kama bukwe haiko, mukwe haiko. Na lundi haiko tena. Leo. Anapanda kamioni, anashukia ku gare.»

Baba alianza: «Messieurs...»

«Ku gare!»

Yaya alifunga mutoto ku mugongo. «Na mi ku gare,» alisema.

«Wewe dada unaweza...»

«Toka mu njia.»

Alitoka mu njia.

Bofrere aliendea kamioni. Alimusaidia mama kupanda kamioni, na mukono, mbele ya bote. Tata wa Maniema alikuwa tayari ku volant, ku usukani. Mama alimuomba apite kwanza ku nyumba ya bofrere, bachukue blanketi.

«Directement ku gare!» wa miwani alilalamika, amepanda ku marche-pied, ngazi ya mulango.

«Kijana,» tata wa Maniema alimujibu polepole, «mafimbo ni yenu. Kamioni ni yangu. Tutapita ku blanketi.»

Tulipita ku blanketi. Tulibeba matelas yabo ya kulalia, masufuria, sanduku ya nguo, mashini ya kushona ya yaya. Chef wa picnic alishuka naye. Alisema anataka kutusaidia kubeba. Nilimuona anazunguka nyuma ya nyumba, na firimbi yake, anafungua mulango ya choo, anatia kichwa ndani.

Mangaribi ile tulibashusha ku gare, na lundi treni haikukuya. Bale benye balikuwa na haraka vile ya kufukuza bantu, habakukuwa na treni. Haikukuya ile wiki, wala yenye kufuata. Bantu balijaa ku gare mpaka ku njia, chini ya maturubai na mabati, mu mvula. Batoto balianza kuhara, na bamoja balikufa hapo, na balizikwa bila jamaa kutoka mu mustari, juu ya kuogopa kupoteza fasi. Hapa sina mucheko.

Mama alikuwa anaenda kila siku na sufuria. Alikuwa anakaa ku matelas na anakula na bofrere, sahani moja. Siku za mbele bantu balimunyoshea kidole: «Tazama mama ule, hana haya.» Kisha bamama wengine, benye binti zabo baliolewa na bantu ba Kasai, bakaanza kuya nabo na sufuria zabo. Mama moja alikuya na kuku mu nafasi ya mbuzi. Mwingine alikuya na mayai. Mwingine hakukuwa na kitu, alikuya na chumvi mu karatasi. Bukwe zilikuwa zinafunguka ku gare yote, na ule wa panga, mwenye alikuwa anachunga pale, alikuwa anapita kati yabo na kutikisa kichwa. «Mila inaisha,» alikuwa anasema. «Mila inaisha kabisa.»

Mama na bofrere bakaanza kugombana. Kweli kugombana, kama bantu bote. Juu ya makala, juu ya mayi ya kunawisha mutoto, juu ya bofrere kupeana blanketi moja ku mzee jirani. Mi nilikuwa nakaa kando, nasoma, nasikia bale babili banalalamikiana, na yaya anabatuliza.

Siku treni ilikuya, ilikuya asubui, mawagon ya kubeba ngombe, na bantu balikimbilia yote mara moja. Tulitupa bitu ndani, baba aliinua yaya na mutoto, bofrere alipanda na matelas. Hakuna mwenye alisema kwaheri. Mama alikuwa chini, anashika mulango ya wagon, anamulalamikia bofrere juu ya kamba ya matelas.

«Kamba haifungwi vile! Pitisha chini! Chini, nimesema!»

«Mama, iko imefungwa!»

«Itafunguka ku Kamina! Pitisha chini, kisha uizungushe!»

«Nazungusha, mama! Naizungusha!»

Treni ilianza. Mama alitembea nayo, kisha akakimbia kidogo, anazungusha mukono mu hewa kumuonyesha namna ya kufunga, na bofrere, ndani, amepiga magoti juu ya matelas, alikuwa anafungua kamba kuianza upya.